Shajara ya mradi: modeli ya damu inayopita kwenye ateri iliyobana, Malindi

Shajara hii inafuata kazi ya kuunda modeli ya hesabu inayoeleza jinsi damu inavyopita kwenye ateri iliyobanwa na utando wa mafuta na chokaa. Vifaa ni kompyuta moja ya mkononi yenye kumbukumbu ya GB 8 na meza moja ya majaribio ya maji. Mshipa uliochaguliwa ni karotidi, ule unaodunda ukiugusa ubavuni mwa shingo, kwa sababu unapita karibu na ngozi, umepimwa sana duniani, na kubana kwake ni njia mojawapo ya kufikia kiharusi. Modeli ni ya kujifunza hesabu na fizikia. Haiamui matibabu ya mtu yeyote.

Januari: namba za kuanzia

Kipenyo cha ndani cha mshipa mzima kimewekwa 6 mm, mtiririko wa wastani 6.5 mL kwa sekunde, densiti ya damu 1060 kg/m³, mnato 0.0035 Pa·s. Moyo unapiga mara 72 kwa dakika, kwa hiyo pigo moja linachukua sekunde 0.833. Ukigawanya mtiririko kwa eneo unapata kasi ya wastani ya 0.23 m/s. Namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo na mnato, inatoka karibu 420, mbali sana na 2000 na ushei ambapo bomba lililonyooka huanza kuvurugika. Msuguano wa damu ukutani, kwa 4μQ/πR³ (μ ni mnato, Q mtiririko, R nusukipenyo), ni 1.07 Pa, ndani ya kiwango kinachotarajiwa kwenye ateri yenye afya.

Namba ya Womersley, inayolinganisha nguvu ya mapigo na mnato na iliyopewa jina la mwanahisabati aliyeishughulikia mwaka 1955, inatoka 4.5. Ingekuwa chini ya 1, mtiririko ungefuata shinikizo bila kuchelewa, na umbo la kasi lingekuwa parabola muda wote. Ikiwa 4.5, damu ya katikati inachelewa nyuma ya ile ya karibu na ukuta, na shinikizo likigeuka, tabaka za ukutani zinageuka kwanza. Kwa hiyo sheria ya Poiseuille, inayotoa mtiririko kutoka shinikizo na kipenyo, haisemi kweli sekunde kwa sekunde. Lakini ukichukua wastani wa pigo zima kwenye bomba lililonyooka lenye ukuta mgumu, inarudi kuwa sahihi kabisa, kwa kuwa sehemu inayopanda na kushuka inajifuta. Hiyo ndiyo sababu kazi imeanza na mtiririko usiobadilika, na mapigo yamewekwa baadaye.

Umbo la mbano ni la kosini, linalotumiwa na wengi tangu miaka ya 1960:

R(z) = R0 − (δ/2)·(1 + cos(πz/z0)), kwa z kati ya −z0 na z0

R0 ni 3 mm, δ ni kina cha mbano, z0 ni 6 mm, hivyo mbano una urefu wa 12 mm. Faida ya kosini ni kwamba mteremko wake ni sifuri kwenye ncha zote mbili na kooni, yaani pale palipobana zaidi, na kompyuta haikutani na kona kali.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja kuhusu asilimia, maana hapa ndipo kazi nyingi za watu wanaoanza huharibika. "Mbano wa asilimia 50" ni wa nini? Kipenyo kikipungua nusu, eneo limepungua asilimia 75. Makala moja husema 50, nyingine 75, na zote zinaongelea koo lilelile la 3 mm. Hospitalini kuna mkanganyiko wa pili. Njia ya NASCET, ya utafiti wa Amerika Kaskazini uliotoa matokeo yake mwaka 1991, inalinganisha koo na mshipa mzima ulio mbele ya mbano. Njia ya ECST ya Ulaya inalinganisha koo na upana uliokadiriwa wa mshipa palepale penye mbano, ambapo karotidi kwa kawaida ina tumbo pana. Chukua koo la 2 mm, mshipa wa mbele wa 5 mm na tumbo la 8 mm: NASCET inasema 60, ECST inasema 75. Kwa hiyo kwenye shajara hii asilimia zote ni za kipenyo dhidi ya mshipa mzima wa 6 mm, na kila mara kipenyo cha koo kimeandikwa kwa milimita. Milimita haibishaniwi.

Februari: hesabu ya karatasi

Jibu la kwanza halihitaji kompyuta kubwa. Mwaka 1973 Young na Tsai walichapisha mlinganyo uliotokana na majaribio ya mirija yenye mibano ya kutengenezwa. Kwa mtiririko usiobadilika una sehemu mbili:

Δp = Kv·μ·U/D0 + (Kt/2)·ρ·U²·(A0/A1 − 1)²

U ni kasi kwenye mshipa mzima, D0 kipenyo chake, ρ densiti ya damu, A0 eneo la mshipa mzima, A1 eneo la koo. Kt ni 1.52. Kv ni 32·(La/D0)·(A0/A1)², na La ni 0.83 ya urefu wa mbano kujumlisha 1.64 ya kipenyo cha koo. Sehemu ya kwanza ni msuguano wa mnato. Ya pili ni nguvu inayopotea mbele ya koo, pale mkondo unaotoka kwa kasi unapovunjika kwenye mizunguko na usirudishe shinikizo lote uliloazima. Kuna sehemu ya tatu, ya kuongeza na kupunguza kasi kwa kila pigo, ila kwa wastani wa pigo zima inaondoka.

Ukishikilia mtiririko 6.5 mL/s, shinikizo linalopotea ni 4.2 mmHg kwa mbano wa asilimia 50, 11.7 kwa 60, 41 kwa 70, na 224 kwa 80. Hiyo ya mwisho haiwezekani mwilini. Mtu mwenye presha ya 120/80 ana shinikizo la wastani la karibu 93 mmHg, na hawezi kupoteza 224. Mlinganyo hauna kasoro. Kilichokosewa ni sharti: kuulazimisha mtiririko upite hata kama njia imefungwa. Modeli yoyote ya mbano mkali inayoshikilia mtiririko mlangoni itatoa upuuzi wa aina hii, na ikiwa imefunikwa na picha za rangi za kompyuta, upuuzi hauonekani.

Dawa yake ni kuweka 93 mmHg juu ya mbano na ukinzani wa mishipa midogo chini yake. Ukinzani ni 12,400 Pa ukigawanywa kwa 6.5 mL/s, yaani 1.9×10⁹ Pa·s/m³. Sasa Q inajitafuta kwa mlinganyo wa kipeo cha pili:

asilimia 50, koo 3.0 mm: Q 6.2 mL/s, kasi ya wastani kooni 0.88 m/s
asilimia 60, koo 2.4 mm: Q 5.8 mL/s, kasi 1.29 m/s
asilimia 70, koo 1.8 mm: Q 4.8 mL/s, kasi 1.89 m/s
asilimia 80, koo 1.2 mm: Q 2.8 mL/s, kasi 2.51 m/s
asilimia 90, koo 0.6 mm: Q 0.6 mL/s, kasi 2.2 m/s

Mstari wa mwisho uko nje ya eneo ambalo mlinganyo unaaminika, basi uchukuliwe kama mwelekeo tu. Lakini mwelekeo huo ni wa thamani kubwa: kasi inapanda, inafika kilele, kisha inashuka, kwa sababu damu yenyewe imepungua. Spencer na Reid walichora mkunjo wa namna hii mwaka 1979. Maana yake kwa mtu aliyeshika kipimo cha Doppler, ultrasaundi inayosoma kasi ya damu, ni kwamba kasi ya 2.2 m/s inaweza kutoka upande wowote wa kilele, na mbano unaokaribia kuziba kabisa unaweza kusomeka kama mbano wa wastani. Mwongozo wa wataalamu wa ultrasaundi wa Marekani wa mwaka 2003 unaweka mpaka wa asilimia 70 kwenye kasi ya kilele inayozidi 230 cm/s kwenye karotidi ya ndani, na wenyewe unatenga mshipa unaokaribia kuziba, ambao kasi yake yaweza kuwa juu, chini au isionekane. Namba zetu ni za wastani wa pigo na wa eneo zima la koo, zao ni za kilele cha pigo, basi zisiwekwe sambamba.

Mwili nao una hila ambazo ukinzani usiobadilika hauzijui. Mishipa midogo ya ubongo hutanuka damu ikipungua, na duara la Willis chini ya ubongo huleta damu kutoka upande wa pili. Kwa hiyo mtu halisi mwenye koo la 1.8 mm huenda asipoteze robo ya damu kama jedwali linavyoonyesha.

Kisha likaja swali ambalo ndilo limeongoza kazi yote iliyofuata: ni kipimo gani kikikosewa kidogo kinaharibu jibu sana? Tulibadilisha kimoja kimoja kwa mtiririko uleule wa 6.5 mL/s. Mnato ukipanda asilimia 10, mbano wa asilimia 70 unabadilika kutoka 41.2 hadi 42.1 mmHg. Urefu wa mbano hata ukikosewa kwa milimita mbili, jibu linasogea chini ya mmHg 2. Lakini koo la 1.8 mm likisomwa 2.0 mm, jibu linaanguka kutoka 41 hadi 26. Sehemu mbili za kumi za milimita zimekula zaidi ya theluthi ya jibu. Na sehemu mbili za kumi za milimita ndizo hupotea kwa urahisi kwenye picha ya ultrasaundi yenye ukungu, hasa chokaa ikiweka kivuli.

Kwa hiyo msimamo wa mradi: kipenyo kwanza. Saa moja ya kupima koo vizuri inaleta faida kuliko wiki ya kuongeza vipengele kwenye mlinganyo.

Machi: meza ya maji

Namba za karatasi zinahitaji kushuhudiwa kwa macho. Meza ina ndoo ya juu yenye tundu la kufurikia ili kimo cha kimiminika kisibadilike, mpira mwangavu wa 6 mm ambao mafundi wa ujenzi hupimia usawa wa kuta, viunganishi viwili vya umbo la T vyenye mirija ya wima ya kusomea shinikizo, kibana cha kurekebisha mtiririko, na ndoo ya chini. Mtiririko unapimwa kwa silinda yenye alama na saa ya simu.

Kimiminika ni gliserini na maji. Hapa pwani kuna mtego. Maelekezo mengi yameandikwa kwa maabara ya nyuzi 20, na yanasema asilimia 40 ya gliserini kwa uzito inatoa mnato wa 3.7 mPa·s. Ni kweli kwa nyuzi 20. Malindi mwezi wa Machi, chumbani, kipimajoto hakitoki nyuzi 30, na mchanganyiko uleule unashuka hadi 2.7. Kwa nyuzi 30 unahitaji asilimia 45 ili kufika karibu 3.4. Kwa kilo mbili za mchanganyiko: gramu 900 za gliserini na gramu 1100 za maji, upate kama lita 1.8. Pima kwa mizani. Gliserini inanata kwenye kuta za chupa na ujazo unadanganya. Densiti inatoka karibu 1110 kg/m³, juu kidogo ya damu, kwa hiyo linganisha namba ya Reynolds badala ya kasi.

Chupa ya gliserini tupu ifungwe mara moja, kwani inanyonya unyevu wa hewa ya bahari. Mchanganyiko wenyewe, kinyume chake, ukiachwa wazi unapoteza maji na kuzidi mnato, basi ndoo zifunikwe. Ukungu ukionekana, mwaga na uchanganye upya.

Mnato uthibitishwe kila unapoanza. Chukua mrija mrefu mwembamba, uuweke wima chini ya sirinji kubwa isiyo na kisukumio, pima muda wa maji safi kushuka kutoka alama moja hadi nyingine, kisha pima mchanganyiko. Uwiano wa muda ni uwiano wa mnato uliogawanywa kwa densiti. Maji ya nyuzi 30 yana 0.80 mPa·s, hivyo mchanganyiko mzuri huchukua karibu mara 3.8 ya muda wa maji. Mrija ukiwa mfupi au mpana, maji yanakimbia mno, nguvu ya mwendo inaingia kwenye hesabu, na uwiano unatoka mdogo kuliko ukweli.

Sasa kipenyo cha mpira. Mpira unaouzwa kama wa 6 mm unaweza kuwa 5.8, na hiyo inatosha kupandisha shinikizo linalopotea kwa karibu asilimia 15, kwa kuwa nusukipenyo kinaingia kwa kipeo cha nne. Kalipa mdomoni mwa mpira haisaidii, mpira unajikunja na kisu huacha mdomo wa yai. Njia ya kuaminika ni kujaza mita moja ya mpira kwa maji na kupima uzito: gramu 28.3 ni kipenyo cha 6.0 mm, gramu 26.4 ni 5.8. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja inakupa kipenyo kwa usahihi wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kwa namba ya Reynolds ya 420 mtiririko uwe karibu 6.0 mL/s, yaani silinda ipokee mL 360 kwa dakika. Mpira mtupu usio na mbano unatakiwa kupoteza kimo cha 59 mm kwa kila mita. Acha sentimita 15 za mpira ulionyooka kabla ya T ya kwanza, huo ndio urefu ambao parabola inahitaji ili kukamilika. Ukipata zaidi ya 59, tafuta mapovu ya hewa kwenye mirija ya wima, kisha mkunjo wa mpira, kisha ukingo wa T ulioingia ndani ya njia. Usiweke mbano mpaka bomba tupu likubaliane na hesabu. Lisipokubaliana sasa, halitakubaliana baadaye, na hutajua kosa liko wapi.

Mbano ni kipande cha nailoni cha 12 mm kilichotobolewa kwa keekee na kupanuliwa ncha mbili kama faneli. Kwa tundu la 3 mm hesabu inatabiri tofauti ya kimo ya 46 mm, na kwa tundu la 2 mm, 288 mm. Rula inatosha. Lakini keekee hutangatanga, na tundu la "2 mm" likiwa 2.1, utabiri unashuka hadi 233. Kwa hiyo tundu lipimwe kwa kuingiza mashina ya ncha za keekee moja baada ya nyingine: linaloingia na linalokataa ndiyo mipaka yako. Tena, tundu la keekee ni silinda, si kosini. Koo lake ni refu zaidi, kwa hiyo msuguano wake ni mkubwa, na ukingo ulioachwa mkali unaongeza hasara nyingine juu yake. Lainisha ukingo kwa msasa wa maji.

T ya chini isikae karibu na mbano. Mbele ya koo kuna mzunguko ambamo shinikizo bado liko chini na linapanda kidogo kidogo. Ukisoma hapo utaona hasara kubwa kuliko ya kweli. Iweke angalau 90 mm mbele, kisha toa msuguano wa mpira ulionyooka kati ya T mbili. Tone la wino wa bluu likidungwa kwa sindano nyembamba juu ya mbano linaonyesha yote: uzi mmoja ulionyooka hadi kooni, kisha mkondo mwembamba katikati, na kando yake wino unaorudi nyuma ukutani na kukawia. Pale wino unapokawia ndipo kwenye mshipa wa mtu msuguano wa ukutani unakuwa mdogo na wenye kugeukageuka. Chini ya karibu 0.4 Pa, seli za ukuta wa ateri hubadilika tabia na kuwa rafiki wa utando wa mafuta. Kwa hiyo mbano mmoja huandaa mahali pa kukua mwingine, upande wa chini.

Juni: kompyuta

Kusi limeingia, chumba kimepoa, na mchanganyiko wa Machi sasa ni mzito kupita kiasi kwa meza. Kazi imehamia OpenFOAM, programu ya kuhesabu mwendo wa vimiminika.

Umbo ni kabari nyembamba ya nyuzi chini ya 5, seli (kijisanduku cha hesabu) moja kwa upana, ili mtiririko uwe na ulinganifu wa duara kuzunguka mhimili bila kulipa gharama ya umbo zima. Sentimita 3 ziwekwe kabla ya mbano na 12 baada yake. Ukikata mapema baada ya mbano, mzunguko unagusa mlango wa kutokea, maji yanaingia kinyume, na hesabu inalipuka. Hilo ndilo chanzo cha milipuko mingi, kuliko hatua ya muda. Seli zikazwe karibu na ukuta, kwa kuwa msuguano wa ukutani ni mteremko wa kasi papo hapo, na seli nene inaupunguza.

Mambo mawili madogo yanayopoteza muda wa watu. Shinikizo la icoFoam, kikokotoo cha OpenFOAM kinachotumika hapa, limegawanywa kwa densiti, hivyo zidisha kwa 1060 kabla ya kusoma paskali. Na mnato unaandikwa 3.3×10⁻⁶ m²/s, si 0.0035.

Wavu, yaani seli zote kwa pamoja, ukaguliwe kwa kugawanya seli mara mbili kila upande, mara mbili mfululizo. Mbinu ya daraja la pili ikifanya kazi, tofauti kati ya nyavu za pili na tatu ni kama robo ya ile ya kwanza na pili. Tazama msuguano wa kilele kooni, usitazame shinikizo peke yake. Shinikizo hutulia mapema na kukupa moyo usiostahili.

Mlango wa kutokea umewekwa modeli ya Windkessel, inayoiga mishipa iliyo chini, wazo la Otto Frank wa mwaka 1899, kwa umbo lake la vipengele vitatu: ukinzani mdogo, kisha ukinzani mkubwa pamoja na unyumbufu. Ukinzani mdogo ni ρc/A. Kasi ya wimbi c, kwa mlinganyo wa Moens na Korteweg, ukuta wa 0.6 mm na ugumu wa 0.5 MPa, ni 6.9 m/s, hivyo ukinzani huo ni 2.6×10⁸, kama asilimia 13 ya ukinzani wote. Ukiacha kipengele hiki, mawimbi yanagonga mlango na kurudi kama mwangwi. Anza na shinikizo la 93 mmHg lililokwisha kujaa. Ukianza na sifuri, mapigo mengi yatapita bure mfumo ukijijaza. Kwa kasi hiyo hiyo wimbi linavuka mbano wa 12 mm kwa milisekunde 1.7 tu, ndiyo maana ukuta mgumu unakubalika kwa kipande hiki kifupi. Kwa mkono mzima au aota haungekubalika.

Matokeo yahifadhiwe kwenye diski kila robo ya pigo na programu iambiwe ianzie ilipoishia. Stima ikikatika usiku, unapoteza dakika, hupotezi usiku.

Mnato unaobadilika

Damu si maji. Chembe nyekundu hushikana ikienda polepole, hutengana ikienda kasi. Mlinganyo wa Carreau, unaoeleza mnato unaoshuka mkwaruzo ukiongezeka, kwa namba zinazotumiwa sana (0.056 na 0.00345 Pa·s, λ sekunde 3.313, n 0.3568), unasema hivi: kooni mwa mbano wa asilimia 70, ambako kiwango cha mkwaruzo (jinsi tabaka za damu zinavyoteleza moja juu ya nyingine) ni zaidi ya 11,000 kwa sekunde, mnato ni 0.0035, sawa na tuliouweka. Ukutani mwa mshipa mzima, kwa karibu 300 kwa sekunde, ni 0.0041. Ndani ya mzunguko, pakishuka hadi 1 kwa sekunde, ni 0.027, karibu mara nane.

Kwa hiyo Carreau haibadilishi shinikizo linalopotea, ila inabadilisha muda ambao damu inakaa kwenye kona iliyotulia. Anayehesabu shinikizo aiache. Anayetafuta mahali damu inapoweza kuganda aiweke, kwa nonNewtonianIcoFoam, maana icoFoam haiijui.

Julai: mishipa ya watoto wenye selimundu

Malindi imo Kaunti ya Kilifi, ambako selimundu si habari ya mbali. Jaribio la REACH la dawa ya haidroksiurea kwa watoto wa Afrika lilikuwa na kituo Kilifi. Selimundu hubana mishipa ya ubongo ya mtoto, hasa mwisho wa karotidi ya ndani na ateri ya kati ya ubongo. Utafiti wa STOP wa Marekani, mwaka 1998, ulionyesha kwamba watoto ambao Doppler ya kichwani inasoma 200 cm/s au zaidi wako hatarini, na kuongezewa damu mara kwa mara kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa karibu asilimia 90. Kati ya 170 na 199 ni eneo la kuangaliwa kwa karibu.

Hapa modeli yetu ndogo ina jambo la kusema. Mtoto mwenye selimundu ana upungufu wa damu, na moyo wake husukuma damu nyingi zaidi. Kasi inapanda hata mshipa ukiwa mpana. Chukua ateri ya 2.8 mm yenye kasi ya katikati ya 0.9 m/s. Kasi ikifika 1.8 kwa sababu mtiririko umeongezeka maradufu, shinikizo linalopotea kwa kila sentimita linapanda kutoka 0.48 hadi 0.96 mmHg. Ikifika karibu 1.8 kwa sababu kipenyo kimeshuka hadi 2.0 mm na mtiririko ni uleule, linafika 1.85. Mnato umeachwa uleule ili kulinganisha. Kwa upungufu wa damu ungekuwa mdogo. Doppler inasoma namba moja, mshipa uko kwenye hali mbili tofauti.

Kinachoweza kuzitenganisha ni kipimo cha pili, cha karotidi ya ndani shingoni. Mtiririko ukiongezeka kila mahali, kasi ya shingoni nayo inapanda maradufu, na uwiano wa kichwani kwa shingoni haubadiliki. Mshipa wa kichwani peke yake ukibana, uwiano unapanda maradufu. Uwiano huo ndio wa Lindegaard, unaotumiwa kutambua mikazo ya mishipa baada ya damu kuvuja ubongoni. Hatari ya mtoto haipimwi na uwiano, inapimwa na kasi, kwa kuwa STOP ilijengwa juu ya kasi. Lakini kwa anayeunda modeli, kasi moja bila kipenyo au uwiano haitoshi kusema ni nini kimetokea.

Pembe ya Doppler nayo ihesabiwe. Shingoni, mashine ikiwekwa nyuzi 60 na mshipa ukiwa kweli kwenye 65, kasi inasomeka pungufu kwa asilimia 15. Kichwani mshipa hauonekani kwa Doppler isiyo na picha, na pembe huchukuliwa kuwa sifuri, basi kasi inayosomwa ni ile ile au ndogo kuliko ya kweli, kamwe si zaidi kwa sababu ya pembe.

Kinachofuata

Wavu wa kabari hauwezi kuonyesha mkondo ukivunjika, kwa kuwa umelazimishwa kuwa na ulinganifu. Hesabu za usahihi wa juu zilizochapishwa mwaka 2007 kwa mbano wa asilimia 75 ya eneo zilionyesha kwamba koo likisogezwa kando kwa asilimia 5 tu ya kipenyo cha mshipa, mtiririko uliokuwa mtulivu kwa Reynolds 1000 unavurugika mbele ya mbano. Utando wa mtu karibu kila mara umeegemea upande mmoja. Kwa hiyo wavu ujao ni wa pande tatu kamili, nusu tu ya umbo kwa kutumia ulinganifu wa kushoto na kulia wakati wa majaribio ya kwanza, kisha umbo zima, kwa kuwa mvurugo wenyewe hauheshimu kioo hicho. Kumbukumbu ya GB 8 itabeba seli milioni kadhaa bila kuzidiwa. Kinachobana ni muda.

Mezani, kipande cha nailoni kitatobolewa tena kwa 2 mm, safari hii tundu likiwa pembeni mwa mhimili kwa 0.3 mm, na kitasomwa sambamba na kile cha katikati kwa mchanganyiko uliopimwa upya kwa nyuzi za Julai.